Visiwa vya Ziwa Letu: Aonavyo Mgeni na Aonavyo Mwenyeji

Wahariri wa jarida letu walitutaka tuandike machache juu ya ziara ya mwaka huu ya wanafunzi wa madarasa ya juu huko Ukerewe na Ukara. Nani alikwenda, gari lilikodiwa kwa kiasi gani na mchele uliisha siku ya ngapi, hayo yamo katika ukurasa wa mweka hazina. Sisi tunataka kuzungumza juu ya insha.

Tuliporudi tuliwapa wanafunzi kazi ya kuandika kurasa mbili zenye kichwa "Nilichokiona Visiwani". Tukasahihisha insha thelathini na moja. Ishirini na tisa zilifanana kama zimetoka kalamu moja: upepo mwanana, mawe makubwa yaliyopandana, mchanga mweupe, jua likizama majini, na mwezi. Zote zilimaliza kwa kusema kisiwa ni mahali pa kupumzisha akili. Mbili hazikuwa hivyo. Waandishi wake ni watoto wa huko huko, mmoja wa Nansio na mwingine wa Ukara, nao hawakuutaja upepo hata mara moja.

Wapenzi wanafunzi, msidhani tunawalaumu wale ishirini na tisa. Macho ya mgeni ndivyo yalivyo tangu zamani. Tazameni hapa hapa mjini kwetu. Tuna mtaa uitwao Capri Point. Jina hilo si la Kisukuma wala la Kikerewe. Ni jina la kisiwa cha Italia katika Bahari ya Mediteranea, kisiwa ambacho matajiri wa Ulaya huenda kustarehe. Ukisimama Capri Point ukatazama majini, mbele yako kuna kisiwa kidogo cha Saa Nane. Hicho kimepewa jina la Mzee Saa Nane Chawandi, mvuvi na mkulima aliyekuwa akikikalia. Mwaka 1964 serikali ilikichukua ikakifanya bustani ya wanyama, ya kwanza nchini, na mwaka 2013 kikatangazwa kuwa hifadhi ya taifa. Leo watu hulipa kiingilio kwenda kuwaona swala. Wangapi kati yenu mlijua kuwa Saa Nane ni jina la mtu? Tuliuliza darasani, ikanyooshwa mikono miwili.

Tarehe 3 Agosti 1858 mpelelezi wa Kiingereza, John Hanning Speke, alisimama juu ya kilima karibu na hapa tulipo akalitazama ziwa. Habari za ziwa hilo yeye na mwenzake Burton walikuwa wamezipata Tabora kwa wafanyabiashara wa Kiarabu, waliokuwa wakiliita kwa jina la Ukerewe. Kwa hiyo lilikuwa na jina na lilikuwa na watu wanaolivuka. Speke alikaa siku chache, akakiona kisiwa cha Ukerewe kwa mbali, hakufika, akarudi Tabora akiwa amekwisha kuliita ziwa lote jina la malkia wake. Jina lile lingali katika ramani. Mgeni aliyetazama siku chache kutoka kilimani alitia jina, na waliokuwa ndani ya mitumbwi hawakuulizwa.

Lakini tusiseme wageni ni Wazungu peke yao. Ndugu zetu wa pwani nao walikuwa wageni huku. Katika miaka ya 1870 alikuwako Ukerewe mfanyabiashara aitwaye Songoro, akijenga jahazi kwa miti ya kisiwani. Omukama Lukonge ndiye aliyekuwa mtawala, yule yule aliyempatia Stanley mitumbwi mwaka 1875. Kwa macho ya Songoro msitu wa Ukerewe ulikuwa mbao za jahazi. Kwa macho ya Lukonge ulikuwa msitu wake. Desemba 1877 ugomvi wa wawili hao uliishia katika vita. Songoro akauawa, na pamoja naye wamisionari wawili wa Kiingereza waliokuwa upande wake.

Je, mwenyeji mwenyewe hakuandika? Aliandika. Aniceti Kitereza, mzaliwa wa Ukerewe wa mwaka 1896, aliandika kwa Kikerewe kitabu kikubwa juu ya maisha ya watu wa kisiwa chake kabla ya ukoloni: mume na mke wanaohangaikia mtoto, kilimo, uvuvi, dawa, heshima kwa wakwe. Alikimaliza mwaka 1945. Hakupatikana wa kukichapa. Ikabidi akitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House ikakitoa mwaka 1980 kwa jina la Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali. Mwaka uliofuata akafariki. Miaka thelathini na mitano kitabu kilingoja! Anayekitafuta aulize kwa walimu wa Kiswahili wa sekondari. Ni kinene, msiogope. Mtaona humo kwamba mwenyeji haelezi sana mandhari ya kisiwa. Anaeleza kazi.

Sasa turudi kwenye zile insha mbili.

Mtoto wa Nansio aliandika juu ya mwezi. Usiku wetu wa pili kisiwani ulikuwa wa tarehe kumi na nne kwa mwezi wa Kiislamu, na wanafunzi wa mjini walikaa ufukweni mpaka usiku mwingi wakiusifu. Yeye aliandika hivi kwa ufupi: mwezi ukiwa mpevu baba halali vizuri. Dagaa huvuliwa gizani. Wavuvi huwasha taa juu ya maji, zamani karabai na siku hizi taa za betri na za jua, na dagaa huufuata mwanga. Mbalamwezi ikitanda, mwanga wa taa haufui dafu. Mitumbwi hupandishwa pwani, nyavu hushonwa, na nyumba huishi kwa akiba. Siku kama kumi hivi. Kisha giza likirudi, fedha inarudi.

Hapo sisi walimu tulitazamana. Tumekuwa tukiandika katika daftari la ada kwamba wazazi wa visiwani huchelewa. Tukalifungua. Kweli, karibu malipo yote ya watoto wa wavuvi wa dagaa yameandikwa katika siku za mwisho na za mwanzo za mwezi mwandamo. Sisi tunaofundisha hesabu za mwezi kwa ajili ya funga na sikukuu hatukuwa tumeusoma mwezi huo katika daftari la ada. Mudiri ameahidi kulipeleka jambo hili kwenye kikao cha wazazi, inshallah.

Insha ya mtoto wa Ukara ilikuwa fupi kuliko zote, ukurasa mmoja na nusu. Kwa wasiopajua: Ukara ni kisiwa kilicho kaskazini ya Ukerewe, na kutoka Bugolora huvukwa kwa kivuko mpaka Bwisya. Wilaya nzima ya Ukerewe huhesabiwa visiwa 38, na sensa ya mwaka 2022 ilikuta humo watu zaidi ya 380,000. Hao wote, wakitaka mahakama kubwa, au kuleta mtoto madrasa, lazima wavuke maji.

Aliandika kwamba pale Bugolora, kabla ya kupanda, alihesabu watu. Halafu akatazama jaketi okozi ziko wapi. Halafu akachagua pa kusimama. Tulipokaribia Bwisya, wenzake walikimbilia upande wa gati kupiga picha, naye akapaza sauti: "Rudini katikati!" Wakamcheka. Mmoja akamwita mwoga wa maji aliyezaliwa majini. Baharia mmoja wa kivuko, mtu mzima, akawaambia wanafunzi maneno yale yale, tena kwa ukali, na wakarudi. Sisi tulikuwapo. Tuliiona kuwa ni fujo ya vijana, imekwisha.

Katika insha akaeleza. Tarehe 20 Septemba 2018, siku ya Alhamisi, kulikuwa na gulio Bugolora. Kivuko cha MV Nyerere kilirudi Ukara mchana kikiwa kimejaa watu na mizigo. Uwezo wake ulikuwa abiria 101. Kilipinduka Bwisya, gati likionekana, watu wa nchi kavu wakitazama. Walikufa zaidi ya watu 220. Fundi mmoja alitolewa ndani akiwa hai baada ya siku mbili, na dunia nzima ikamtangaza. Mama mdogo wa mwanafunzi wetu hakutolewa akiwa hai. Alikuwa amekwenda gulioni kuuza muhogo, na alikuwa amemwahidi kumletea daftari. Mtoto alikuwa na umri wa miaka minane.

Amekaa nasi miaka mitatu. Hajawahi kulisema hilo mbele yetu wala bwenini.

Wanafunzi wa somo la tarehe wanamkumbuka Ibn Jubayr, msafiri wa Andalusi. Akirudi kutoka Hija, mwishoni mwa mwaka 1184, merikebu yake ilivunjika karibu na Messina, katika kisiwa cha Sisilia, kisiwa kikubwa kuliko vyote vya Mediteranea. Mahujaji maskini hawakuwa na nauli ya mashua za kuwatoa, na mfalme wa kisiwa, William wa Pili, akaamuru walipiwe. Ibn Jubayr alikaa Sisilia wiki kadhaa akiandika alichokiona: mashamba mazuri, majumba ya Palermo, miti ya matunda. Kisiwa kilimpendeza mno. Lakini kadiri alivyokaa, Waislamu wa kisiwa kile, waliokuwa chini ya utawala wa wengine, walianza kumjia mmoja mmoja na kumwambia kwa siri hali zao. Mmoja wao alimtoa binti yake aende na mahujaji, apate kuondoka kisiwani. Baba na binti wakaachana, huenda kwa maisha. Ibn Jubayr aliyaandika yote mawili, matunda na machozi, wala hakufuta la kwanza alipolisikia la pili. Kwa hilo tunampenda kuliko wasafiri wengi. Uzuri aliouona ulikuwa kweli. Ila kama angeondoka siku ya tatu, kama Speke, angeandika matunda tu.

Nasi Ukara tuliona uzuri. Wengi wenu mlitaka kwenda kwenye lile jiwe maarufu linalosemwa kuwa hucheza likiimbiwa. Hatukuwapeleka, na baadhi yenu mmelalamika katika insha. Tuliwapeleka mashambani, na kwa maoni yetu huko ndiko kwenye ajabu ya Ukara. Kisiwa ni kidogo, watu ni wengi, na udongo wake ni wa kichanga. Kwa mazoea ya kwingine ungekwisha zamani. Wakara hufunga ng'ombe ndani, katika shimo lililochimbwa, huwakatia majani na kuwaletea, na samadi yote hubebwa kichwani mpaka shambani. Hupanda mimea ya jamii ya kunde kwa ajili ya kuifukia tu, irutubishe ardhi. Miti ina wenyewe, mmoja mmoja. Wataalamu wa kilimo wa serikali ya Kiingereza walikuja tangu miaka ya 1930 wakaandika juu ya mambo haya kwa mshangao. Mama tuliyemkuta akichota samadi alituuliza: "Kwani kwenu ng'ombe hulala wapi?" Tukamwambia nje. Akacheka sana, akasema basi sisi ni watu matajiri, tunaotupa mbolea.

Mji wetu nao umewahi kutazamwa na mgeni. Mwaka 2004 Hubert Sauper wa Austria alitoa filamu iitwayo Darwin's Nightmare, iliyopigwa hapa Mwanza, juu ya sangara. Minofu inapanda ndege kwenda Ulaya, wenyeji wanabakiwa na mapanki. Mwaka 2006 Rais Kikwete aliilaani hadharani, na watu wa mji walikasirika. Sisi tulikuwa vijana wadogo wa shule wakati huo, na tunakumbuka wakubwa wakibishana vibarazani: wengine wakisema ni uongo mtupu, wengine wakisema mapanki wanayala kweli, kwa nini wakatae. Kila mtu alijiona amechorwa na mtu asiyemjua jina. Basi na sisi tulipokwenda Ukara na simu zetu za picha, tulikuwa mgeni yule.

Tulilala usiku wa mwisho Bwisya kwa mzee mmoja, babu yake mwanafunzi wetu. Hakutuuliza tumependa nini. Alituuliza tunarudi kwa njia gani. Tukamwambia: kivuko cha asubuhi mpaka Bugolora, gari mpaka Rugezi, kivuko tena mpaka Kisorya, halafu barabara ya Bunda mpaka Mwanza. Akaihesabu njia kwa vidole, na kwa kila maji akakunja kidole, mara mbili. Akasema, "Mkivuka la pili, nipigieni." Kisorya mtandao ulisumbua na simu haikutoka. Tulimpata tulipofika mjini, saa nne usiku. Iliita mara moja tu, akapokea.