Baiskeli Zisizo na Keria

Zamani baiskeli ilinunuliwa na mtu mmoja ikatumiwa na ukoo mzima. Phoenix ya baba mdogo, nyeusi, fremu imeviringishwa nailoni za rangi ili isichubuke, ilichota maji, ikapeleka mahindi mashineni, ikamwahisha mgonjwa zahanati. Jioni tuliigombania sisi watoto, tukipitisha mguu chini ya bomba kwa kuwa tandiko hatukulifikia. Siku za harusi au mpira, vijana wa mtaa waliongozana kundi zima, huyu kwenye usukani na yule kwenye keria, kengele zikilia, na usiku wakirudi dinamo zinavuma kwenye tairi, taa zikififia kila walipofika mlimani. Hakuna aliyesema anafanya mazoezi.

Siku hizi tuna klabu. Jumapili alfajiri tunakutana Coco Beach, hapa Dar es Salaam, kila mmoja na helmeti yake. Tunavuka Daraja la Tanzanite, lililofunguliwa mwaka 2022, upepo wa bahari ukitupiga ubavuni. Mbele yupo kiongozi. Nyuma kabisa yupo mwenzetu ambaye kazi yake ni kuhakikisha hakuna anayeachwa. Pancha haingoji tena fundi, beseni la maji na solusheni: tyubu inabadilishwa, safari inaendelea.

Na wanawake wapo. Shangazi zetu walikaa kwenye keria, miguu upande mmoja, khanga wameibana isinaswe na spoku; leo binti zao ndio wanaotuvuta tukipanda Mlimani, Chuo Kikuu. Wapo wenye sukari na presha walioanza wakihema baada ya mwendo mfupi tu, sasa wanafika. Hili silibadilishi kwa kumbukumbu yoyote.

Lakini baiskeli zetu hazina keria. Hazimbebi mtu.

Siku tunazoelekea Pugu tunapishana na wauza mkaa wanaotoka upande wa Kisarawe, magunia yamefungwa kwa mipira, mwendeshaji haonekani ukimtazama kwa nyuma. Hawa wameijua barabara kabla yetu, na miguu yao ina nguvu kutuzidi. Zamani wenye baiskeli walisalimiana, hata wasiojuana. Sisi tunapita kasi, macho kwenye simu inayohesabu kilomita. Inaniuma.

Njia salama nazo si shida yetu peke yetu. Barabara ya Morogoro ina njia ya baiskeli kando ya mabasi ya mwendokasi, na mara nyingi utaikuta imejaa bodaboda na meza za wachuuzi. Klabu zetu zina wanasheria, wahandisi, watu wanaosikilizwa maofisini. Wanachama wenzangu, tunapodai njia salama, tusidai za ufukweni peke yake. Tuanze na Barabara ya Pugu, wanakopita wanaoendesha kila siku kutafuta riziki. Na Jumapili ijayo, tukikutana nao, tupunguze mwendo tuwasalimie.