Wapiganapo Fahali Wawili

Wahenga walinena kuwa wapiganapo fahali wawili, nyasi huumia. Wahenga hao hao wakanena kuwa vita vya panzi ni furaha ya kunguru. Sasa tushike lipi? Swali hili lilininyima usingizi.

Ilikuwa Jumatatu. Mstarini yalisomwa majina ya wenye deni la karo, na langu lilikuwa la tatu. Nilirudi Ziwani kwa miguu, aibu imenijaa usoni. Nyumbani nilimkuta mama na mgeni, mtu wa mheshimiwa mmoja anayetaka kiti cha wadi. Alisema karo yangu ingelipwa, bora tu mama avae fulana yao mikutanoni. Jioni akaja mtu wa mpinzani wake na ahadi ile ile!

"Mungu ametukumbuka," mama akasema.

Babu alicheka mpaka akakohoa. "Mjukuu wangu, wajua Tom Mboya aliishi papa hapa Ziwani?"

Basi akanisimulia. Mwaka wa 1959 Mboya alikwenda Marekani kuwatafutia vijana wetu nafasi za masomo. Septemba ndege ya kwanza ikaondoka na wanafunzi 81. Miongoni mwa waliosaidia kuchangisha nauli ni Jackie Robinson, mchezaji wa besiboli, Harry Belafonte, mwimbaji, na Sidney Poitier, mwigizaji. Wote ni watu weusi, na katika nchi hiyo hiyo weusi walikuwa wakifukuzwa mikahawani.

Mwaka wa 1960 serikali ya Marekani ilikataa kulipia ndege. Lakini Kennedy na Nixon walikuwa wakiwania urais. Wakfu wa familia ya Kennedy ulipokubali kutoa dola 100,000, lo, serikali nayo ikapata pesa ghafla! Huku nyuma Moscow ilifungua chuo mwaka huo huo, kikapewa jina la Patrice Lumumba mwaka wa 1961, naye Oginga Odinga akawatafutia vijana nafasi upande huo. Kila fahali alitaka aonekane ndiye rafiki wa Mwafrika.

"Kumbe walitupenda, Babu?"

"Mkumbuke Wangari Maathai," akajibu. Alikwenda mwaka huo wa 1960. Wakiwa safarini kuelekea chuoni Kansas, yeye na wenzake waliambiwa wakanywe soda zao nje ya mkahawa, kwa sababu ya rangi yao. Alisoma hivyo hivyo, na mwaka wa 2004 akapata Tuzo ya Amani ya Nobeli. Na weusi wa kule hawakungoja huruma ya wakubwa. Waliandamana, wakapigwa, wakafungwa, mpaka sheria ya haki za raia ikapitishwa mwaka wa 1964.

"Pokea elimu," Babu akamgeukia mama, "lakini usiuze ulimi."

Kesho yake mama aliwaambia wote wawili walipe katika ofisi ya shule, wapewe risiti, na fulana wabaki nazo. Hadi leo hakuna aliyerudi. Chama cha akina mama kilitoa nusu ya karo. Nusu nyingine tunalipa pole pole, na mimi niko darasani.

Nimepata jibu langu. Methali zote mbili ni za kweli, lakini yule jirani yetu wa zamani hakuwa nyasi wala kunguru. Alijua fahali wanagombania nini, akadai cha watoto wetu. Nasi tusome tujue.