Mamba, bonde la Rukwa: samaki wakielea, usikimbilie kapu

Ukitoka Mpanda mjini kuelekea kusini, wasafiri wengi husimama kwanza Sitalike. Wakati wa kiangazi viboko hujazana kwenye madimbwi yaliyobaki ya mto Katuma, mgongo kwa mgongo, na maji yamegeuka uji wa kinyesi. Kutoka hapo barabara hupenya Hifadhi ya Taifa ya Katavi, hufika Kibaoni, kisha hufuata bonde kupitia Usevya na Majimoto hadi Mamba.

Mamba ni nchi ya Wapimbwe, na wafugaji wa Kisukuma wamehamia kwa wingi. Hulimwa mpunga na mahindi, na kitoweo cha samaki hutoka Ziwa Rukwa.

Maji ya Katuma nayo husafiri. Hupita mbuga za Katavi na Chada, hutoka yakiitwa mto Kavuu, na kumwagika Rukwa. Ziwa hilo halina mto wa kutoka, ni la magadi, na kina chake ni kifupi. Mwaka 1929 lilikuwa na urefu wa kilometa 48 hivi. Miaka kumi baadaye lilifika kilometa 128.

Maji ya namna hii, yakipata joto na mbolea ya kinyesi cha wanyama au ya mashambani, huotesha mimea midogo sana inayotanda juu kama rangi ya kijani. Mchana hutoa oksijeni. Usiku huitumia, na ikifa na kuoza huimaliza kabisa. Ndipo alfajiri samaki huonekana wakihema juu ya maji. Perege hufa mapema. Kambare huvumilia, kwa kuwa anaweza kuvuta hewa ya juu.

Watafiti waliochunguza mto Mara upande wa Kenya, wenye viboko zaidi ya 4,000, walieleza mwaka 2018 jinsi mvua inavyosukuma maji machafu ya madimbwi ya viboko na kuua samaki walio chini ya mto. Mwishoni mwa 2022, wafugaji wa samaki wa vizimba upande wa Kisumu walipata hasara kubwa Ziwa Victoria, pale maji ya chini yenye oksijeni kidogo yalipopanda juu. Samaki wa ziwani huweza kukimbia. Wa kizimbani hana pa kwenda. Anayefikiria kuchimba bwawa la samaki bondeni alijue hilo kabla ya kununua vifaranga.

Kwa familia, hatari huanza pale samaki waliokufa wanapoonekana kuwa kitoweo cha bure. Baadhi ya utando wa kijani hutoa sumu inayodhuru ini, na sumu hiyo haiondoki kwa kuchemsha maji wala kwa kukaanga samaki. Kumkausha juani hakumsafishi pia. Watoto wasioge hapo, ng'ombe na mbwa wasinywe, na maji ya nyumbani yachotwe kisimani au bombani. Aliyeona samaki wengi wamekufa amwarifu mwenyekiti wa kijiji na ofisa uvuvi siku hiyo hiyo, kabla hawajafika gulioni.

Akina mama wanaonunua samaki Mamba huwa na mazoea mazuri: hufunua mashavu, hutazama macho, hunusa. Waongeze swali moja kwa muuzaji: huyu alivuliwa akiwa hai, au aliokotwa?