Waya wa Shaba

Watu huniuliza chumba kimoja kinahitaji kebo ya nini na waifai iko. Mimi hula kwa kuandika. Mteja akingoja kazi saa sita usiku, hajali kwamba kwenye ploti yetu kila mlango una ruta yake na zote zinasukumana hewani. Chuo niliacha, kwa hivyo sina digrii ya kunitetea. Kazi iliyofika kwa wakati ndiyo cheti changu.

Ukienda Luthuli Avenue, Nairobi, utaonyeshwa Cat5e, Cat6, hata Cat8, na muuzaji atakuambia uchukue kubwa. Tulia. Cat5e inabeba gigabiti 1 kwa sekunde hadi mita 100. Kama unalipia megabiti 20, hiyo ni mara 50 ya unachopata. Cat8 ilitengenezewa vyumba vya seva, si kitanda na meza.

Angalia kilicho ndani ya ganda. Kebo nyingi za bei ya kutupa ni alumini iliyopakwa shaba. Kwaruza waya mmoja kwa wembe: ukibaki mwekundu hadi ndani, ni shaba, ukitoa weupe, rudisha. Alumini haipendi kukunjwa, hukatika. Na waya mmoja tu kati ya nane ukikatika, kasi inaweza kuanguka au laini ikafa kabisa.

Mamangu bado huuliza nitarudi chuo lini. Namwambia kodi ya mwezi huu imelipwa.