Ni Karani Tu



Liko neno moja dogo, lenye herufi mbili tu, ambalo laweza kuuma kuliko tusi. Neno lenyewe ni hilo nililokwisha kulitumia: "tu".

Mwezi uliopita alifika mgeni hapa ofisini. Akamwuliza mzee aliyeketi barazani, "Yule aandikaye mle ndani, ndiye mwalimu?" Mzee akajibu, "La, bwana. Yule ni karani tu." Hakuwa na nia mbaya. Lakini mimi nilisomea ualimu, na kwa sababu ambazo si za kueleza leo nikaishia kwenye kalamu na daftari. Nilirudi nyumbani na lile "tu" moyoni kama mwiba.

Jioni ile watoto walikuwa kwa jirani wakitazama katuni za zamani ziitwazo The Flintstones. Nilisimama mlangoni kuwangoja, nikasikia kicheko cha Betty, yule mke wa jirani. Nikajiuliza ni nani aliyempa Betty sauti hapo mwanzo. Nikatafuta habari zake, na leo nakusimulia.

Jina lake Bea Benaderet. Alizaliwa New York mwaka 1906, akakulia San Francisco. Mwaka 1926 akapata kazi katika kituo kimoja cha redio mjini humo, na mwaka 1936 akahamia Hollywood. Siku hizo michezo ya kuchekesha ilisikilizwa redioni, na kila mchezo ulikuwa na mkubwa wake, ambaye jina lake ndilo lililoita watu. Lakini mkubwa hachekeshi peke yake. Yahitajika awepo jirani wa kushangaa, mgeni wa kukasirika, na mtu wa kujibu simu. Kazi hizo ndizo alizofanya Bea. Katika mchezo wa Jack Benny alikuwa mmoja wa wanawake wawili wa kuunganisha simu, ambao humsengenya bwana wao wakati yeye angojea kwenye waya. Katika katuni za Warner Bros. alitoa sauti ya bibi kizee amlindaye kindege Tweety, na jina lake halikuandikwa.

Mwaka 1950 George Burns na mkewe Gracie Allen wakauhamishia mchezo wao kwenye televisheni, na Bea akawa jirani yao, Blanche. Sasa sikiliza kichekesho. Mume wa Blanche aliigizwa na wanaume wanne, mmoja baada ya mwingine! Mwaka 1953, alipokuja wa nne, Burns aliusimamisha mchezo katikati, akawaeleza watazamaji kwamba yule wa tatu anaondoka, akamjulisha mume mpya kwa Bea, kisha mchezo ukaendelea pale pale ulipokomea. Waume walibadilika, Blanche akabaki yule yule. Basi niambie, nguzo ya nyumba ile alikuwa nani?

Lakini usidhani kazi ya namna hiyo haina machungu. Mwaka 1951 Lucille Ball, aliyekuwa amefanya kazi na Bea redioni, alikuwa akiandaa mchezo wake I Love Lucy. Alimtaka Bea awe Ethel, jirani yake. Bea hakuweza, maana alikwisha fungwa na mkataba wa Burns. Nafasi akapewa Vivian Vance, na mchezo ule ukapendwa mno. Mwaka 1952 Bea aliingia humo mara moja, kama jirani mwingine wa kupita. Mwaka 1954 ikatolewa zawadi ya Emmy kwa mwanamke msaidizi katika michezo. Bea alikuwa miongoni mwa waliotajwa. Aliyeipata ni Vivian Vance, kwa kazi ile ile ya Ethel. Mwaka uliofuata Bea akatajwa tena, akakosa tena.

Je, msomaji, wewe ungalifanya nini? Mimi najijua: ningalinuna. Yeye aliendelea kuwa Blanche hata mwaka 1958, mchezo ulipokwisha Gracie alipostaafu.

Mtu mmoja alikuwa amemwona. Paul Henning, aliyewahi kuandika michezo ya Burns, alimpa nafasi ndogo katika The Beverly Hillbillies mwaka 1962. Mwaka 1963 akamtungia mchezo wake mwenyewe, Petticoat Junction, wa mjane mwenye hoteli kando ya reli na mabinti watatu. Hapo Bea alikuwa na miaka 57. Tangu alipoanza redioni ilikuwa imepita miaka 37. Alifariki tarehe 13 Oktoba 1968 kwa saratani ya mapafu. Siku nne baadaye mumewe, Gene Twombly, akamfuata. Kazi ya bwana huyo ilikuwa kutengeneza milio ya michezo ya redio, yaani vishindo, milango na nyayo. Naye pia alikuwa wa nyuma ya pazia.

Sikusimulii haya ili uamini kwamba kila asubiriye hupata. Wengi hawapati. Nasimulia kwa sababu ya jambo lililonipata juma hili. Alikuja kijana kutoka mjini, anataka kuoa, akaomba cheti cha ubatizo. Nikafungua daftari kuukuu, nikaliona jina lake, la baba, la mama, na tarehe, yote kwa mwandiko ulionyoka usio na futo hata moja. Kijana akafurahi, akaondoka na cheti chake. Nikatafuta jina la karani aliyeuandika ukurasa ule. Halikuwamo.

Nikachovya kalamu, nikaandika ukurasa wangu wa siku ile polepole kuliko desturi.