Nyumba ya Yule Aliyerudi kutoka Vita



Sisi tuliokomaa katika kampi za mine tulijua namna nyumba inafuata kazi. Siku kazi ya baba inaisha, mama anaanza kuuliza: « Tutapeleka watoto wapi sasa? » Askari naye anajua ulizo hilo, hata kule Marekani.

Mwaka 1944, Rais Roosevelt alitia sahihi sheria iliyosaidia askari waliotoka vitani kupata mkopo wa kununua nyumba. Ni vizuri. Lakini mkopo ni wa yule anayeweza kulipa. Maskini atalipa na nini? Katika nchi ile tajiri (ndiyo, tajiri kabisa!), hesabu ya usiku mmoja wa Januari 2010 ilionyesha wanajeshi wa zamani karibu 74.000 wasio na makao.

Basi, mwaka 2008 Kongre ilikuwa imepitisha sheria ya kusaidia jamaa za wanajeshi wa zamani wenye mapato kidogo sana. Angalieni: jamaa, si askari peke yake. Serikali inapatia feza mashirika yasiyotafuta faida, na mengine kati yao ni ya Wakristo. Kama jamaa iko na deni ya nyumba, shirika linaweza kulipa mwenye nyumba moja kwa moja, kwa muda, mbele hawajafukuzwa. Hawangojei mpaka viti na masufuria viwe inje. Tena, mwanajeshi akifa, jamaa yake inaweza kuendelea kusaidiwa kwa muda usiopita mwaka 1. Wajane wa kwetu watasoma mstari huu mara mbili.

Hesabu ya Januari 2024 ilishuka chini ya 33.000. Si sheria hii peke yake iliyofanya hivyo. Kuko pia msaada mwingine ambao serikali inalipa sehemu kubwa ya kodi ya nyumba. Na 33.000 bado ni watu wengi.

Vijana watasema: « Pasta, hayo ni mambo ya serikali! » Fungueni Kumbukumbu la Torati 20:5. Mbele ya vita, wakubwa wa jeshi walipaswa kuuliza nani amejenga nyumba mpya na hajaiweka wakfu. Huyo arudi kwake. Ndani ya sheria ya vita, Mungu aliweka neno la nyumba.

Mashemasi wanaotembelea wajane na wastaafu wanaweza kuuliza tangu juma hili: deni ya nyumba ni ya miezi mingapi, na mwenye nyumba ni nani?