London: Ukumbi ambao magari ya mbio hupita na watoto wakapumua

Anayeshuka kituo cha treni cha Custom House, mashariki mwa London, hahitaji kuuliza njia. Mlango wa ExCeL uko hatua chache mbele yake. Ni ukumbi mkubwa wa maonesho uliojengwa kando ya gati la Royal Victoria, bandari ya zamani ambako siku hizi hakuna meli za mizigo. Jirani yake kuna uwanja mdogo wa ndege, na ndege huruka chini kiasi kwamba watoto husimama kuzitazama.

Mwishoni mwa Julai 2023, familia nyingi zilizoingia hapo zilikuwa zimefuata mbio za magari. Na mbio zenyewe zilianzia ndani ya jengo, chini ya paa.

Mzazi anayejua hatari ya kulala na jiko la mkaa chumbani atashtuka. Gari la petroli likiwashwa mahali palipofungwa hutoa gesi ileile inayoua kimyakimya. Lakini magari haya ni ya Formula E, mashindano ya kimataifa ya magari ya umeme yaliyoanza Beijing Septemba 2014. Hayana bomba la moshi. Ndiyo maana yanaweza kupangwa ndani ya ukumbi, yakatoka nje kupitia mlango mkubwa, yakazunguka kando ya maji, kisha yakarudi ndani mbele ya watazamaji.

London ilikuwa kituo cha mwisho cha msimu huo. Ulianzia Mexico City Januari, ukapita Diriyah, Hyderabad, Cape Town, São Paulo, Berlin, Monaco, Jakarta, Portland na Roma. Zilikuwa mbio 16 katika miji 11. Zile za Cape Town, Februari 25, zilikuwa za kwanza za mashindano hayo kusini mwa Jangwa la Sahara.

Jumamosi ya Julai 29, Mitch Evans wa New Zealand alishinda. Hata hivyo, shangwe kubwa zaidi ilikuwa ya aliyeshika nafasi ya pili, Jake Dennis. Pointi alizopata zilimtosha kuwa bingwa wa dunia, tena nyumbani kwao Uingereza. Jumapili mvua kubwa ilinyesha. Nje lami ilijaa maji, ndani ilikuwa kavu, na mbio zikasimamishwa zaidi ya mara moja kabla ya Nick Cassidy kushinda.

Kwa watu wa London, ukumbi huo una kumbukumbu nyingine. Mwaka 2020 mbio zilipangwa kufanyika hapo, lakini corona ikaingia. Badala ya magari, vikaletwa vitanda na mashine za kusaidia kupumua. Aprili mwaka huo ExCeL ikafunguliwa kama hospitali ya muda. Januari 2021 ikawa kituo cha chanjo, na Julai ndipo magari yakaingia kwa mara ya kwanza. Jengo lililoandaliwa kwa ajili ya watu walioshindwa kupumua likageuka kuwa mahali ambapo magari yanakimbia bila kumtoa mtu pumzi.

Lakini hewa ya London si ile ya ukumbini. Ng'ambo ya Mto Thames, katika eneo la Lewisham, aliishi msichana aitwaye Ella Adoo-Kissi-Debrah. Nyumba yao ilikuwa karibu na South Circular, barabara yenye magari mengi. Alikuwa na pumu kali, na katika miaka yake ya mwisho alipelekwa hospitalini karibu mara 30. Alifariki Februari 2013 akiwa na umri wa miaka tisa.

Mama yake, Rosamund, hakuacha kuuliza kwa nini. Desemba 2020, baada ya uchunguzi wa pili wa kifo hicho, iliamuliwa kwamba hewa chafu ilichangia kumuua Ella. Ndiye mtu wa kwanza Uingereza ambaye hewa chafu imeandikwa miongoni mwa sababu za kifo chake. Uchunguzi ulisema jambo jingine ambalo kila mzazi anapaswa kulisikia: mama huyo hakuwa ameelezwa kwamba moshi wa magari unaweza kuzidisha pumu. Angejua, angechukua hatua.

Ijumaa ya Julai 28, siku moja kabla ya mbio, Mahakama Kuu ilikuwa imeamua kesi inayohusu hewa hiyohiyo. Halmashauri tano zilipinga mpango wa meya wa kuwatoza wenye magari makuukuu yenye moshi mwingi pauni 12.50 kwa siku, katika jiji lote. Zilishindwa, na tozo ikaanza Agosti 29. Malalamiko hayakuwa ya bure. Fundi mwenye gari la zamani, au mama anayempeleka mtoto kliniki, hawezi kununua gari jipya kwa sababu tu ameambiwa. Mizani ilikuwa ngumu: mfuko wa mzazi upande mmoja, mapafu ya mtoto upande wa pili.

Gari la umeme nalo si dawa ya kila kitu. Formula E hupunguza mwendo zaidi kwa kutumia mota, ambayo hurudisha umeme kwenye betri; sehemu kubwa ya nishati ya mbio hupatikana hivyo. Hilo hupunguza vumbi la breki, lakini matairi bado yanalika na kuacha vumbi lake hewani. Umeme wenyewe nao ukizalishwa kwa makaa ya mawe, moshi umehama tu, haujaisha.

Watoto huumia zaidi kwa sababu mapafu yao bado yanakua na wanapumua harakaharaka kuliko watu wazima. Kimo chao pia huwaweka karibu na mabomba ya moshi.

Mzazi hahitaji kusubiri magari ya umeme yafike mtaani kwake. Mtoto mwenye pumu anaweza kupitishwa njia ya ndani badala ya barabara kuu, hata kama inaongeza dakika tano. Dereva anayesubiri nje ya shule anaweza kuombwa azime injini. Na siku ya kliniki, daktari aulizwe waziwazi: je, moshi wa barabarani unamzidishia mwanangu ugonjwa? Ni swali ambalo mama wa Ella hakupewa sababu ya kuliuliza mapema.